Jua la Dakika Tatu

Mzee ambaye Sunniva hakumjua alisimamisha kiti chake cha kuteleza thelujini kando ya kamera ya binti huyo.

“Binti, likichomoza unisimamishe. Jua haliamkiwi kwa kukaa.”

“Sawa, babu, nitakusimamisha.”

“Na pua hiyo iliyobabuka! Huko ufukweni hukushiba jua?”

Sunniva alikereka. Likizoni alipiga picha mia sita za jua, zote zimepooza. Hapa kaskazini ya mbali, baada ya miezi miwili ya giza la majira ya baridi, lingeonekana dakika tatu tu.

Likachomoza mlimani. Watoto waliokusanyika hapo wakashangilia. Kidole cha Sunniva kilikuwa tayari kwenye kamera.

“Binti!”

Mikono ya mzee ilikuwa hewani, ikimngoja.

Sunniva akasonya, akaipa kamera mgongo, akamwinua mzee na kumshikilia mpaka mlima ukalimeza jua.