Neno Moja la Kwenda Nalo

Nchi zote zilikuwa na sharti moja: mhamiaji huchomwa sindano ya lugha ya huko, na lugha ya kwao hufutika, isipokuwa neno moja analolichagua mwenyewe. Mwanahawa na mumewe Shekue walibishana mwaka mzima juu ya nchi ya kuhamia, hii baridi, ile kodi. Walipokubaliana walikuwa hoi, na habari ya neno hawakuizungumza. Kila mmoja alijichagulia lake.

Sasa Shekue hurudi kutoka kazini amechoka, akaketi kuvua viatu vyenye theluji.

"Pole," Mwanahawa humwambia.

"Pole," naye hujibu.

Kisha hungoja wote wawili. Wanakumbuka kwamba zamani palikuwa na jibu. Hakuna aliyekuja na "nishapoa."