Mkono Nyuma ya Kitenge

Kwa wiki ya tano sasa, Mayunga alikuwa akimtibu mgonjwa asiyetaka kumwona.

"Shikamoo mama," alisema, akiwa mlangoni mwa wodi ya wanawake ameshika banzi jipya la kunyooshea vidole.

Kicheko alichokisikia tangu kwenye korido kikakatika. Bi Hilaria alikuwa ameshavuta kitenge alichokitundika kwenye kamba kando ya kitanda chake. Nesi Otilia akalipokea banzi kama kawaida, akajipenyeza nalo nyuma ya kitenge.

Siku ya kwanza mambo yalikuwa mazuri kabisa. Bi Hilaria alikuwa ameungua mkono wa kulia akimsaidia mdogo wake kupika pombe ya ulezi, hapo hapo Sumbawanga mjini. Kidonda kilikuwa kinapona, lakini ngozi mpya ilikuwa inavivuta vidole kuelekea kiganjani. Vikiachwa, vingejikunja hivyo hivyo maisha, na jembe asingelishika tena. Mayunga akakata kipande cha bomba la maji la plastiki, maana tangu ije ruksa ya biashara mabomba hayo yalijaa madukani kuliko sukari. Akalichovya kwenye maji yanayochemka mpaka likalainika, akalipoza kidogo, akalizungushia pamba na bandeji. Kisha akaushika mkono wa mama yule nusu saa nzima, akiliumba banzi lifuate kiganja na kuvinyoosha vidole. Walipiga soga kama watu wa nyumba moja.

"Mwanangu, una mikono myepesi," mama alisema. "Unaitwa nani?"

"Mayunga."

"Msukuma?"

"Msukuma, mama. Wazee wangu wako bondeni na ng'ombe wao."

Mama aliuchomoa mkono kana kwamba ameungua upya. Akajifunika uso, na tangu hapo hakumsemesha tena.

Mayunga aliumia. Kwa wakati mwingine angelipuuza, lakini safari hii alikuwa na jambo lake. Jumamosi baada ya Pasaka, baba yake mdogo angepeleka posa Kaengesa, kwa mzee Leonidas, kumposea binti yake Fortunata, mwalimu wa shule ya msingi kule Kirando. Hospitalini hakumwambia mtu. Posa ikikataliwa, alijua masimango ya korido yangemhamisha mkoa. Na ingekosaje kukataliwa? Wakulima wengi wa huku juu hawakutaka hata kusikia mlio wa ng'ombe. Kama mama mmoja tu anayeponywa naye hawezi kumtazama kwa sababu ya kabila lake, hao wa Kaengesa wangempokeaje?

Fortunata alimtuliza kwa barua. Mama yangu ni mcheshi, aliandika, huongea hata na kuku. Barua yenyewe ilichukua wiki tatu kufika, maana mvua zilikuwa zimekata barabara ya ziwani. Mayunga aliisoma, akamkumbuka Bi Hilaria, akaona kweli kila mtu na bahati yake.

Basi akaamua kumshinda kwa kazi. Kwa kuwa hakuruhusiwa tena kuushika mkono, Otilia aliulaza juu ya gazeti na kuuchora kwa penseli, naye Mayunga akautumia mchoro huo kutengeneza banzi la wiki inayofuata. Mchoro wa kwanza ulifanana na mguu wa kuku. Wiki ya tatu kidole gumba kikajitenga. Maelekezo yalipita kwa Otilia, ingawa kati ya fundi na mgonjwa hapakuzidi hatua tatu.

"Mwambie alale nalo usiku."

Mnong'ono nyuma ya kitenge.

"Anasema analala nalo."

"Mwambie kidole kidogo bado kinavuta. Aongeze mazoezi."

Mnong'ono mrefu zaidi.

"Anasema sawa. Anasema na wewe umekonda, chakula unapikiwa na nani?"

Mayunga alimeza dhihaka hiyo, akageuka kuondoka. Na kama ilivyokuwa kila siku, alipogeuka tu, nyuma ya kitenge banzi likagongana na kiganja kizima: ko, ko, ko.

"Unasikia?" alimwambia Otilia kwenye korido. "Ananifukuza kama kuku."

Otilia alitazama viatu vyake, mabega yakimcheza.

Siku ya kuruhusiwa Bi Hilaria ilikuwa Jumatano ya juma takatifu. Otilia alileta mchoro wa mwisho: vidole vitano vimenyooka, vimeachana vizuri, hata cha mwisho kile kikaidi. Mayunga aliushika mchoro huo kwa furaha iliyomjaa kifuani, akasahau kununa. Jembe litashikwa. Akaona heri aulize, liwalo na liwe.

"Mwulize basi, sista. Nilimkosea nini?"

Otilia aliingia nyuma ya kitenge. Minong'ono ilikuwa mingi, na vicheko navyo. Alipotoka alikuwa anajifuta machozi kwa upindo wa gauni.

"Anasema hujamkosea kitu. Anasema baba yako mdogo Jumamosi ile ya baada ya Pasaka asifike asubuhi, watakuwa misani. Afike mchana. Ulezi wa pombe ameshaagiza ulowekwe."

Mchoro ulimdondoka Mayunga. Akarudi nyuma hatua tatu, akachuchumaa, akageuzia uso ukutani. Nyuma ya kitenge viganja viwili vikagongana taratibu kwa salamu ya heshima, safari hii bila plastiki.

"Halafu," Otilia akaongeza, "anakuomba radhi kwa siku ile ya kwanza. Asingekupa mkono wala uso, angejua anampa mkwewe."