Noti za Juu

Redio ya mji ilimpa Mwalimu Gervas, mwalimu wa piano, rekodi mbili za sonata moja mashuhuri, yaani muziki wa piano, achague ipi irushwe Jumapili. Aliweka santuri ya kwanza kwenye gramafoni. Ilipokaribia mwisho, alikunja uso.

"Huyu anaruka noti za juu," alimwambia mkewe, Leokadia, aliyekuwa akishona kando yake. "Hafai."

Leokadia aliinua macho kutoka kwenye mshono wake.

Mwalimu akaweka santuri ya pili, ya mpiga piano aliyemheshimu tangu ujana. Mkono wa kushoto ulinguruma vizuri, lakini palepale karibu na mwisho, mkono wa kulia ulipopaswa kupanda, Mwalimu hakusikia kitu.

"Mama Severini, hata huyu kaziruka?"

"Hakuziruka, Baba Severini," mkewe alijibu taratibu. "Wala yule wa kwanza hakuziruka."

Mwalimu aliinuka, akaketi kwenye piano yake. Alinyoosha kidole hadi kitufe cha mwisho kabisa upande wa kulia. Hakukitazama. Alimtazama mkewe usoni, kisha akabonyeza. Macho ya Leokadia yalipepesa kwa mlio; yeye hakusikia kitu.