Posa ya Chukwani

Siku ile Mudrik alikwenda kulisha papa amevaa kanzu.

Wenzake pale kwenye nyumba ya samaki, Chukwani, walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakuwajali. Mjomba wake alikuwa amepeleka posa kwa Tahiya, mjane wa Mbweni, na jibu lililorudi lilikuwa fupi: "Tutakuja kumtazama kazini kwake." Umri wa Mudrik ulikuwa arubaini kasoro kidogo, na nyumba mbili zilishamkataa. Ya kwanza ilisema ananuka shombo. Ya pili haikusema kitu, ilifungua madirisha tu.

Asubuhi wakaingia. Mbele Bi Mashavu, mama yake Tahiya, aliyetoka Makunduchi tangu alfajiri. Nyuma yake watoto wawili wa Tahiya: Wanu wa miaka sita, na mdogo wake Jaku, amelikumbatia kopo la plastiki la visheti kwa mikono miwili.

Mudrik aliwapeleka moja kwa moja kwenye bwawa la kioo, maana hicho ndicho kitu pekee duniani alichojivunia. Papa akatoka kivulini, mrefu kama kitanda, akapita mbele yao polepole, akageuka, akapita tena.

Watoto wakasimama wima.

"Shikamoo," akasema Wanu, uso umekabili kioo.

"Marahaba," akaitika Mudrik nyuma yake. Mtoto ana haya, aliwaza. Hata kunitazama hathubutu. Nyumba ina malezi hii.

Wanu akamvuta bibi yake kanga, akamnong'oneza. Bi Mashavu akainua kichwa.

"Eti huyu anakula nini?"

Mudrik akatabasamu. Yeye mtoto wa mjini. Alijua mtu mzima hafungi safari kutoka Makunduchi kuja kuuliza chakula cha samaki. Mjukuu alikuwa kisingizio tu. Hili ni fumbo, na fumbo hujibiwa kwa fumbo.

"Chochote atakachopewa, Bi. Hachagui. Hata kiporo."

"Na hasira anazo?"

"Hajampandishia mtu sauti tangu azaliwe."

Bi Mashavu alikunja uso kidogo, kisha akainama kupokea mnong'ono mwingine.

"Usiku analala wapi?"

"Papa hapa, peke yake. Hatoki, hana baraza la kupiga soga, hana marafiki wabaya." Mudrik akasogea, akashusha sauti. "Bi, nikwambie kweli, upweke unamtesa. Akimpata wa kuishi naye, atamtunza kama mboni ya jicho."

"Maskini!" akasema Bi Mashavu, akamtazama papa kwa huruma. Akanong'onezwa tena. "Na watoto je? Anawapenda?"

"Watoto? Anawapenda mno!"

Bi Mashavu akawavuta wajukuu wake nyuma kidogo.

Wakapanda ngazi kwenda juu, mahali pa kumlishia. Wanu akamsukuma mdogo wake begani. "Mpe," akamwambia. Jaku akasogea ukingoni, akavuta pumzi, akalirusha kopo la visheti majini.

Mudrik hakufikiri. Papa akimeza plastiki atakufa. Na Mudrik asiye na papa hana kazi, na asiye na kazi hana mke. Akajitosa vilevile na kanzu yake. Kanzu ikapanda, ikamfunika uso. Kwa muda kule chini palikuwa na papa, na kopo, na kitu kikubwa cheupe kinachopiga mateke bila kujua kwa kupigia. Papa, ambaye katika maisha yake yote hajapata kuona kanzu, alikimbilia pembeni, akajibanza.

Mudrik akaibuka analikohoa bwawa zima, kopo kaliinua juu kama nahodha wa timu aliyechukua kombe.

"Kamnyang'anya!" Jaku akaangua kilio.

Masikio ya Mudrik yalijaa maji; alichosikia ni kilio tu. Moyo ukamyeyuka. Hakuna mtoto aliyewahi kumlilia.

"Nyamaza, mwanangu, mimi mzima," akasema, akajaribu kumpapasa kichwa. Jaku akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake.

Wakashuka tena mpaka mbele ya kioo. Mudrik alisimama anachuruzika, kofia hajui iko wapi. Mafumbo yalikuwa yamemwishia.

"Bi Mashavu, nakuomba uniambie. Mmenionaje?"

Bibi alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akaona dimbwi likizidi kutanda sakafuni.

"Mwanangu, mimi nimesindikiza tu," akasema. "Tahiya mwenyewe kasharidhika. Kasema lililobaki ni neno la watoto wake, wakikataa basi."

Akachutama mbele ya wajukuu wake, akawashika mikono.

"Haya. Nliwaambieni tunakwenda kumtazama anayetaka kumuoa mama yenu, na mshamwona. Awe baba yenu, au asiwe?"

Wanu akamtazama mdogo wake. Jaku alijifuta kamasi, akafikiri, akatikisa kichwa kukubali.

"Awe," akasema Wanu.

Mudrik aliinua mikono miwili juu. "Alhamdulillahi," akasema, na machozi yakachanganyika na maji ya bwawa.

Wanu akaweka kiganja chake kwenye kioo, na papa akaja taratibu mpaka usawa wa mkono wake.

"Lakini huyu mtumishi wake," akasema, akimwonesha Mudrik kwa kidole, "abaki hukuhuku."