Kaka Watano

Kwenye mchezo wa mtandaoni Mahimbo alikuwa na wapiganaji watano, wote wake. Kibodi aliipanga hivi: akibonyeza kitufe kimoja, watano wanasonga pamoja, akiandika neno, wote wanalisema. Akitaka kupiga soga na wenzake huuzima kwanza mpango huo, akawasemesha wapiganaji wake mmoja mmoja, kana kwamba kila mmoja ana mtu wake. Ndiyo maana Chausiku, mpiga mishale aliyepigana upande wao mwaka mzima, aliwaita "kaka zangu watano."

Siku hiyo Chausiku aliandika, "Kaka zangu, leo sipigani. Asubuhi tumemzika mama."

Mahimbo alijibu bila kukumbuka kuuzima mpango.

"Pole sana, dada. Mungu ampumzishe."

Wapiganaji watano walisema maneno yaleyale kwa wakati mmoja.

Mahimbo alingoja kuitwa mwongo.

"Kumbe uko peke yako," aliandika Chausiku. Kisha akaongeza, "Basi kaa nami kidogo."

Mpiga mishale akaketi kwenye nyasi. Mahimbo alipeleka kidole kuuzima mpango, akasita. Akabonyeza kitufe cha kuketi, na wote watano wakakaa chini wakimzunguka, kama watu waliofika matangani.