Makosa Sitini na Matatu

Kosa la kumi na tisa lilikuwa mabano ambayo hayakufungwa. Faraji aliyafunga huku akipiga mluzi, akabonyeza kitufe, na edita ya kompyuta ikamrusha hadi kosa la ishirini.

Kazi ilikuwa moja tu katika ofisi ile ya Kipawa, na waliobaki kwenye usaili walikuwa wawili: yeye na Lusungu, kijana mpole wa Mbeya. Madam Munira, bosi wa ofisi, alimpa kila mmoja nakala ya programu ileile mbovu, kila nakala kwenye folda yake katika kompyuta kuu ya ofisi. Ambaye nakala yake ingekubali kwanza kufanya kazi bila kosa, ndiye angeajiriwa. Mzee Mwinjuma wa Temeke alishasema binti yake Najma haolewi na mtu asiye na ajira, na Faraji, kwa domo lake, alishamwambia mzee kwamba kazi amepata.

Kabla Faraji hata hajaiagiza kompyuta itoe orodha ya makosa ya nakala yake, Lusungu alimtumia ya kwake.

"Makosa si ni yaleyale, braza," alisema. "Chukua hii, usihangaike."

Faraji alishukuru kwa mdomo, moyoni akacheka. Watu wa bara bwana, mtu anampa mpinzani wake silaha! Akaibandika orodha kwenye edita. Kila kosa lilitanguliwa na majina marefu ya folda na mafaili, ambayo hakuna mwenye akili timamu anayepoteza muda kuyasoma. Ukibonyeza, edita yenyewe inafungua faili lililotajwa na kukuweka kwenye mstari wenye kosa. Unarekebisha, unahifadhi, unabonyeza tena.

Lusungu, maskini, aliagiza chai na chapati mbili. Kibodi hakuigusa. Faraji alimwonea huruma, ila si sana.

Saa tano na nusu edita ikatangaza kwamba orodha imekwisha. Faraji alimwandikia kwanza Najma, amwambie baba achague tarehe. Ndipo akamwita Madam Munira.

Madam akaiendesha programu ya Faraji. Makosa sitini na matatu, hata moja halijaguswa. Akaiendesha ya Lusungu, ikakubali bila kukohoa. Faraji akairudia ile orodha na kuyasoma yale majina marefu: kila moja lilianza na folda ya Lusungu.

Lusungu alifuta mafuta ya chapati vidoleni, akapokea mkono wa Madam, kisha akamgeukia mwenzake.

"Na wewe asante, braza," alisema.