Kasha la Kufuli Mbili

Mdogo mtu alikuwa akifumua pindo la gauni alilolivaa, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya wembe. Mwizi, panga kalilaza begani kwa dada mtu, alimwambia afanye haraka.

Mlango wa chumba chao cha ushonaji ulikuwa umekomewa kwa ndani na dirisha lina nondo. Nje watu walipita na hamsini zao, mchana kweupe.

"Sitaki hela," alisema mwizi. "Nataka bunduki. Mtaa mzima unajua mnayo."

Na kweli ulijua. Tangu waibiwe mwaka juzi, dada mtu hakutaka kusikia lingine ila bunduki. Mdogo mtu akaapa kwamba siku ikiingia, yeye anahama. Walinuniana mwezi mzima, mpaka mjomba wao alipowasuluhisha: bunduki iwepo, lakini ikae ndani ya kasha lenye kufuli mbili, kila mmoja na ufunguo wake, lisifunguliwe mpaka wakubaliane wote wawili. Siku ya kulifunga, mdogo mtu aligeukia ukutani. Hata kuiona hakutaka. Ufunguo wake akaushonea kwenye pindo. Dada mtu naye wa kwake akauning'iniza shingoni, na kila mteja aliyekuja kupimwa kiuno alisimuliwa habari za kasha, apende asipende.

Sasa ufunguo wa shingoni ulikuwa tayari mkononi mwa mwizi.

"Chukua vyerehani vyote," dada mtu alimsihi, jasho likimtiririka. "Chukua vitambaa. Kasha liache tu, kaka."

Mdogo mtu alimwelewa. Kumpa huyu bunduki ni kumkabidhi roho zao. Kumnyima, panga ndilo lile. Hakuona pa kutokea. Uzi wa mwisho ukakatika, ufunguo ukadondoka sakafuni, naye akausukuma kwa mguu huku analia.

Kufuli ya kwanza ikafunguka. Ya pili nayo. Mwizi akatoa kitu kizito kilichoviringishiwa mabaki ya bitana, akakifunua kwa pupa.

Tofali.

Mwizi akamkodolea macho dada mtu. Dada mtu hakumwangalia. Alimwangalia mdogo wake.

"Nisamehe," alisema. "Nilifika mpaka mlangoni pa duka la bunduki, nikarudi. Kumbe naiogopa kuliko wewe."